Mwendo wa Aliye Nyuma: Kuongoza Kundi kwenye Majabali ya Seven Sisters

Kundi la watu kumi na wawili lina kasi moja tu, nayo ni ya yule aliye nyuma. Kiongozi anayelikubali jambo hili kabla ya kukata tiketi atakuwa na siku njema. Asiyelikubali atafika mwisho wa njia na watu watano, huku saba wametawanyika vilimani, wengine wamenuna, na mmoja amekaa kwenye nyasi akikanda goti na kuapa kwamba hatatoka tena na watu hawa.

Nawaandikia ndugu zetu wanaoishi Uingereza, na wageni wao wa majira ya joto, ambao wameanza desturi nzuri ya kutoka pamoja: jumuiya za Watanzania na Wakenya, vikundi vya msikitini na kanisani, wanafunzi, marafiki wa kazini. Nimewasikia wengi wakisema kupanda na kushuka vilima bila kufuata kitu ni mambo ya Wazungu. Siafikiani nao. Miongoni mwetu wamo waliozaliwa Tanga, Mombasa, Pemba na Lamu ambao hupitisha miaka hapa bila kuiona bahari, maisha yao yakiwa ni nyumbani, basi na zamu ya usiku. Siku moja ya kutembea juu ya bahari, mkiwa na watu mnaosikilizana lugha na utani, huwarudishia wengi nguvu walizodhani zimekwisha. Ila siku hiyo haijipangi yenyewe.

Njia ninayoipendekeza iko kusini mwa Uingereza, East Sussex, kutoka mji mdogo wa Seaford hadi Eastbourne. Ni kiasi cha kilomita 22 ukihesabu kutoka kituo cha treni hadi kituo cha treni. Ndani yake mna kilima cha Seaford Head, bonde la mto Cuckmere, safu ya vilima vya chaki viitwavyo Seven Sisters, kitongoji cha pwani cha Birling Gap, na mwisho Beachy Head, jabali la chaki lenye kimo cha mita 162 ambalo hakuna jingine la aina yake linalolizidi kimo katika pwani yote ya Uingereza. Sehemu kubwa ya njia imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya South Downs iliyoanzishwa mwaka 2010. Usitarajie geti la kulipia wala askari wa wanyamapori. Utakutana na kondoo, na kazi yako kwao ni kulifunga kila lango ulilolikuta limefungwa.

Naipenda njia hii kwa kundi la watu mchanganyiko kwa sababu mbili kubwa. Kwanza, ina treni pande zote mbili, hivyo hakuna anayelazimika kuendesha gari wala kurudi alikotoka. Kutoka London Victoria mnabadilisha treni Lewes kuelekea Seaford, na jioni mnapanda Eastbourne moja kwa moja hadi Victoria. Pili, ina milango ya kutokea katikati. Njia nyingi nzuri za pwani, hasa zile za Cornwall kwenye ile njia ndefu ya kilomita 1,014 izungukayo ncha ya kusini-magharibi, humweka mtu mahali ambapo akishindwa hana budi kuendelea. Hapa aliyechoka ana pa kutokea, na kiongozi anatakiwa kupajua kabla hajaanza safari.

Nendeni kutoka magharibi kwenda mashariki, yaani Seaford kwanza. Upepo wa kawaida wa pwani ile huvuma kutoka kusini-magharibi, kwa hiyo utakuwa unawasukuma mgongoni badala ya kuwapiga usoni kutwa nzima. Tena mandhari makubwa kuliko yote, ile sura nyeupe ya Seven Sisters inayochapishwa kwenye kalenda, huonekana kutoka upande wa Seaford, juu ya vibanda vya zamani vya walinzi wa pwani pale Cuckmere Haven. Watu huipata tunu yao mapema, wakiwa bado na nguvu za kuifurahia.

Sasa hesabu ya muda, maana hapa ndipo makundi mengi huharibikia. Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, aliweka kanuni ambayo watembeaji wa nchi hii wanaitumia hadi leo: saa moja kwa kila maili tatu, yaani kilomita tano hivi, halafu uongeze saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Njia yetu ina zaidi ya mita 500 za kupanda ukijumlisha vilima vyote. Kwa kanuni ya Naismith, mtu hodari ataimaliza kwa saa tano na nusu hivi. Hiyo si saa yenu. Naismith hakuhesabu chakula, choo, picha, swala, kiatu kinachobana, wala maongezi. Kwa kundi letu chukua kilomita nne kwa saa, ongeza saa moja ya kupanda, kisha ongeza saa nzima na nusu ya mapumziko. Utapata saa nane. Mkianza kutembea Seaford saa nne asubuhi (10:00), mtafika stesheni ya Eastbourne saa kumi na mbili jioni (18:00), bila mtu kukimbizwa.

Ndiyo maana njia nzima ni ya kuanzia Mei hadi Agosti. Mwezi Juni jua linatua baada ya saa tatu usiku, na hata mkichelewa saa mbili bado mtaona mnapokanyaga. Mwezi Novemba jua huzama karibu na saa kumi jioni, wakati ambapo kundi lenye kuchelewa litakuwa bado juu ya majabali. Anayetaka kutoka majira hayo akate njia: aende kwa basi hadi Exceat, apande Seven Sisters, aishie Birling Gap au kijiji cha East Dean. Hiyo nayo ni siku kamili.

Ujumbe wa mwaliko kwenye kundi la WhatsApp uandikwe kwa ukweli. Usiandike "matembezi mepesi ufukweni." Andika kilomita 22, andika vilima vinane, andika kwamba kati ya Exceat na Birling Gap hakuna choo, hakuna bomba na hakuna kivuli. Atakayejitoa baada ya kusoma hayo amekusaidia. Saa za kukutana ziandike kwa Kiswahili na kwa tarakimu za simu, kwa sababu kijana aliyelelewa hapa akisoma "saa mbili" anaweza kuielewa kuwa ni alasiri. Siku nzuri kwa walio wengi ni Jumamosi, isipokuwa kundi lenu likiwa la Wasabato. Jumapili kuna ibada, na mara nyingi ndiyo siku ambayo reli hufanyiwa matengenezo, mkajikuta mko kwenye basi la kuzibia pengo la treni. Na kwa nauli: watu 3 hadi 9 wanaosafiri pamoja nje ya saa za msongamano hupunguziwa theluthi moja kwenye treni za Southern kwa mpango uitwao GroupSave. Mkiwa kumi na wawili, jigaweni makundi mawili ya sita sita kwenye ununuzi wa tiketi, na wa tiketi moja wakae pamoja.

Kumi na wawili ndio ukomo wangu kwa kiongozi mmoja na msaidizi mmoja. Wakizidi hapo, wagawe makundi mawili yenye viongozi wao, yaachane kwa nusu saa.

Kabla ya siku yenyewe, mpigie simu kila mtu mmoja mmoja. Kwenye kundi la WhatsApp watu hujibu "niko fiti" kwa sababu wengine wanasoma. Kwenye simu ndipo mama atakapokuambia kwamba goti lilimsumbua wakati wa baridi, na kaka atakapokiri kwamba anamaliza zamu ya usiku asubuhi ileile. Huyo wa zamu mwambie kwa heshima asije. Mtu aliyekesha hudhani ana nguvu mpaka saa nane mchana, kisha miguu humwishia ghafla, na kwenye njia ya majabali mguu usio na akili ni hatari. Mwenye kisukari anayetumia insulini aongee na daktari wake mapema, maana saa nyingi za kutembea huteremsha sukari. Siku hiyo awe na juisi au pipi mfukoni, si ndani ya begi la mwenzake aliye mbele. Mwenye pumu aje na dawa yake ya kuvuta. Mwenye selimundu anahitaji uangalizi wa pekee, kwani baridi ya upepo, kukosa maji na kuchoka kupita kiasi ni mambo yanayoweza kumwamshia maumivu makali. Mshauri achukue njia fupi, avae nguo za kutosha, anywe maji hata kabla ya kiu. Yote haya uyabebe wewe na msaidizi wako tu. Afya ya mtu si habari ya kundi.

Viatu ni suala fupi. Siku kavu za kiangazi raba zenye meno chini zinatosha, na hakuna haja ya kumlazimisha mtu anunue viatu vya bei ghali kwa siku moja. Kisichofaa ni soli laini na kiatu kipya. Chaki iliyolowa huteleza kama sabuni, na wenye soli laini ndio wa kwanza kuanguka. Kiatu kipya nacho huleta malengelenge kabla ya saa sita mchana. Beba plasta, na watangazie watu kwamba anayehisi joto kisiginoni aseme hapohapo. Dakika tatu za kubandika plasta ni bei ndogo mno ukilinganisha na mtu atakayechechemea kilomita kumi.

Akina mama na dada wanaovaa buibui au sketi ndefu watembee nazo bila wasiwasi, ila zisiburure chini, ndani yake iwemo suruali, na mtandio ubanwe kwa pini imara, kwa sababu upepo wa juu kule hauombi ruhusa. Nimeona vazi refu likimkwaza mtu kwenye mteremko, na pindo la kushonwa kwa dakika kumi usiku uliotangulia lingetosha kuzuia. Wote, bila kujali msimu, wawe na koti la mvua na fulana nzito ya ziada. Wote wawe na kofia na krimu ya jua pia. Ngozi nyeusi haiungui upesi, lakini huungua, na chaki nyeupe huurudisha mwanga usoni kutoka chini.

Chakula kiwe cha kushikwa mkononi. Chapati iliyokunjwa na yai, maandazi, viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi, tende, karanga. Pilau liacheni nyumbani liwangoje, maana juu ya kilima hupoa upesi, linataka sahani na kijiko, na shibe yake humlaza mtu wakati vilima bado vipo. Maji lita mbili kwa kila mtu siku ya joto. Na mtu mmoja akibeba chupa ya chai ya tangawizi, atakuwa mfalme wa Birling Gap.

Sasa tuingie njiani. Msafara una watu wawili wenye kazi: anayeongoza na anayeufunga. Makundi mengi humchagua wa kwanza kwa makini na kumsahau wa pili, na hilo naliona kosa kubwa kuliko yote. Mfunga msafara awe ndiye mtu mpole na mwenye subira kuliko wote, aijue njia, awe na plasta, ramani na simu yenye chaji. Hakuna anayebaki nyuma yake hata kwa dakika moja, awe anafunga kamba ya kiatu au anajisaidia. Na asimwongoze aliye mwisho kwa kumpumulia kisogoni. Atembee ubavuni mwake, waongee.

Kuna dhuluma moja ndogo inayotendeka kwenye karibu kila matembezi ya kundi, na wanaoitenda hawajui. Wenye kasi hufika juu ya kilima, hukaa, hunywa maji, hupiga picha, hupumzika dakika kumi. Aliye nyuma anapofika akihema, wao husimama, hujipangusa nyasi na kusema, "Haya, tumekamilika, twende." Yeye hajapumzika hata dakika. Kwenye kilima cha pili hufika amechoka zaidi, na wao wamepumzika zaidi. Kufikia kilima cha tano mnadhani ni mvivu, kumbe ndiye pekee aliyetembea tangu asubuhi bila kukaa. Dawa yake ni kanuni moja isiyo na mjadala: mapumziko huanza pale wa mwisho anapokaa. Dakika tano kamili kuanzia hapo, na saa ashike mfunga msafara. Vijana watanung'unika kwenye kilima cha kwanza. Kufikia cha tatu watakuwa wameizoea.

Mbinu ya pili: ukiona mtu anazidi kubaki, mlete mbele, awe wa pili nyuma ya kiongozi. Mwendo wa kundi zima utashuka wenyewe bila mtu kutajwa jina. Aliyekuwa nyuma akiona migongo ya watu ikipotea, sasa anaona njia, na mara nyingi hupata nguvu mpya. Vijana wenye damu moto wape kazi. Mmoja afungue malango, mwingine abebe begi la mama, mwingine ahesabu watu kila mkifika chini ya bonde. Kijana mwenye kazi hapotei mbele.

Mkitoka Seaford mnaanza na mwinuko wa Seaford Head, ambao ni mtihani mzuri wa mapema. Usiupande kwa haraka. Mtazame kila mtu anavyohema: anayeweza kusema sentensi nzima bila kukata yuko sawa, anayejibu kwa neno mojamoja anakwenda kasi kuliko uwezo wake. Mkifika kwenye vile vibanda vya Cuckmere Haven, wape muda wa picha, muda wa kutosha. Kisha waeleze jambo linalowashangaza wengi: Seven Sisters zile pale, ng'ambo ya mto, lakini hamwendi moja kwa moja. Mto Cuckmere hauna daraja kwenye mlango wake. Itabidi mfuate ukingo wake kuelekea bara hadi daraja la Exceat, halafu mrudi upande wa pili. Utawaona watu wakivua viatu kuvuka mdomoni maji yakiwa yamepwa. Msiwafuate. Sisi watu wa pwani tunajua maji yakianza kujaa hayapigi hodi, na pale mkondo wa mto na wa bahari hukutana.

Exceat ni mlango wa kwanza wa kutokea, na kiongozi makini huutumia. Pana vyoo, pana mkahawa, na basi namba 12 la kati ya Brighton na Eastbourne husimama barabarani. Mtakuwa mmetembea kilomita sita hivi. Kaa chini na kila mwenye dalili ya kuchoka, umuulize pembeni, si mbele ya watu. Usimuulize "Utaweza?" kwa sababu kila mtu atasema ndiyo. Mwambie, "Kilichobaki ni kigumu zaidi ya tulichomaliza. Kuna basi hapa, na tunaweza kukutana Eastbourne jioni, au Birling Gap wakati wa chakula." Umempa njia ya heshima. Anayepanda basi asipande peke yake, apate mwenza, na mwenza huyo uwe umeshazungumza naye tangu nyumbani.

Kutoka hapo vinaanza vilima vyenyewe. Jina linasema saba, lakini vilele mtakavyovipanda ni vinane, na watu waambieni mapema, maana anayehesabu hadi saba kisha akaona kingine mbele yake huvunjika moyo. Cha kwanza, Haven Brow, ndicho kirefu kuliko vyote, mita 77. Cha mwisho ni Went Hill. Hakuna kilicho kirefu kwa kweli. Kinachochosha ni kwamba kila mnapopata kimo mnakipoteza chote, mkashuka hadi chini ya bonde kavu na kuanza upya. Kupanda, chukueni hatua fupi, kisigino kikanyage chote. Kushuka ndiko kunakoumiza magoti. Kunjeni magoti kidogo, msiegemee nyuma, mkate mteremko kwa mshazari pale nyasi zinaporuhusu, na mwenye fimbo aitangulize. Kwa wenye umri mkubwa, fimbo mbili ni bora kuliko moja.

Na sasa ukingo. Hapa sina maneno laini. Chaki ni mabaki ya viumbe vidogo mno vya baharini vilivyolundikana chini ya bahari zaidi ya miaka milioni 66 iliyopita. Ni mwamba laini, na mawimbi huula kwa chini huku nyasi za juu zikibaki kijani na salama machoni. Majabali haya ni meupe kwa sababu yanaporomoka kila mara. Yangetulia, yangeota majani na kuchujuka rangi. Kila weupe unaouona ni jeraha jipya. Mnaposimama juu hamwezi kujua kama chini yenu kuna mwamba au hewa. Mnara wa taa wa Belle Tout, uliojengwa miaka ya 1830 na mtakaoupita mkishatoka Birling Gap, ulilazimika mwaka 1999 kusogezwa mzimamzima mita 17 kuelekea bara, kwa sababu ukingo ulikuwa umeufikia. Juni 2017 mwanafunzi kijana kutoka Korea Kusini alianguka na kufa hapa baada ya kuruka juu ili apigwe picha karibu na ukingo.

Kwa hiyo weka kanuni tangu kwenye treni: mita tano ni kiwango cha chini kabisa, kumi siku ya upepo, na hakuna picha ya kukaa, kuruka wala kuning'iniza miguu. Mkiona ufa kwenye nyasi unaokwenda sambamba na ukingo, rudini nyuma yake mbali zaidi. Wapigapicha wa kundi waelezwe kitu ambacho kitawatuliza: ukiwa juu ya Seven Sisters huwezi kuuona weupe wake. Picha nzuri mlishaipiga kule vibandani, na nyingine nzuri mtaipiga Birling Gap mkitazama nyuma. Kusogelea ukingo hakumpi mtu chochote. Watoto washikwe mkono kwenye sehemu hii, na wa chini ya miaka minane wasiletwe kwenye njia ndefu kabisa. Kundi likishamwona kiongozi mwenyewe akichungulia, kanuni imekufa, kwa hiyo wewe uwe wa mwisho duniani kuivunja.

Birling Gap ni mahali pa chakula. Pana mkahawa wa National Trust, vyoo, maji, na ngazi za chuma za kushukia ufukweni zikiwa wazi. Safu ya nyumba zilizo pale imekuwa ikibomolewa moja baada ya nyingine kadiri ukingo unavyozisogelea, na kuiona ni somo kuliko hotuba yoyote ya usalama. Watu wakitaka kugusa bahari washuke, lakini wakae mbali na shina la jabali, kwa kuwa mawe huanguka bila taarifa. Wala msikubali ushauri wa kutembea ufukweni chini ya majabali ili kukwepa vilima. Maji yakijaa hakuna pa kupandia. Waislamu kwenye kundi watapaona pazuri kwa Adhuhuri. Kiangazi wakati wake hapa ni mrefu, kuanzia baada ya saa saba mchana, maji ya udhu yapo, na kibla kwa Uingereza ya kusini ni kusini-mashariki, upande wa baharini. Panga mapumziko ya hapa yawe dakika arobaini na tano. Baada ya hapo misuli hupoa na watu hawataki tena kuinuka.

Hapa pia ni mlango wa pili wa kutokea. Kuna siku na majira ambayo basi hufika hapohapo, na siku nyingine itabidi kutembea hadi East Dean kwenye basi namba 12, kwa hiyo ratiba ya siku yenyewe uwe nayo mkononi. Uliza tena, pembeni, kama ulivyouliza Exceat.

Mwendo wa mwisho unapanda hadi Belle Tout, unashuka, kisha unapanda Beachy Head, mwinuko mrefu kuliko wote wa siku, unaokuja miguu ikiwa imechoka. Watu wauendee polepole, na mapumziko yawe mawili. Angalieni anga. Belle Tout uliachwa kama mnara wa taa kwa sababu ukungu uliuficha mara nyingi mno, na ndiyo maana mwaka 1902 ukawashwa mnara mwingine chini kabisa, ule wenye mistari myekundu na myeupe uliosimama majini. Ukungu huo bado unakuja. Ukiwashukia, kundi lijikusanye liwe moja, mbali na ukingo, na mfuate njia ya ndani iliyo karibu na barabara. Ramani ya karatasi ya Ordnance Survey, OL25, iwe kwenye begi, kwa sababu betri ya simu huisha siku ya picha nyingi. Mtu akiumia juu ya majabali au ufukweni, piga 999 na uombe Coastguard. Kama Met Office imetoa tahadhari ya upepo, hata ile ya rangi ya njano, ahirisha safari tangu jana yake. Hakuna aibu kwenye kuahirisha, na treni zitakuwepo wiki ijayo.

Mteremko wa kuingia Eastbourne ni mkali na huwakuta watu wakiwa wameshajiona wamefika. Wengi huteleza hapa, mita chache kutoka barabara ya lami. Kundi likae pamoja hadi chini, mfunga msafara akiwa bado nyuma, na hesabu ya mwisho ifanyike stesheni, si juu ya kilima.

Usiku huo kila mtu ajikague miguuni, nyuma ya magoti na kiunoni, kwa sababu kwenye nyasi ndefu kuna kupe, na baadhi yao huambukiza ugonjwa wa Lyme. Akiona duara jekundu linalopanuka siku au wiki zinazofuata, aende kwa daktari na ataje alikotembea. Wewe kiongozi piga simu kwanza kwa wale waliotoka kwa basi, uulize hali zao, uwaambie tarehe ya matembezi yajayo kabla hujaitangaza kwa wengine. Halafu wiki hiyohiyo mwulize kila mmoja ni wapi palimchosha na ni wapi alitaka kukaa zaidi. Ukipata watatu waliosema vilima vilikuwa vingi mno, safari inayofuata iwe Exceat hadi Birling Gap peke yake, na chai ya tangawizi iwe ya chupa mbili.